Kapteni Grant na Sanduku la Picha Lililorudi Pwani

Wasomaji wa gazeti letu, hasa ninyi mnaosoma Historia, mnalijua jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa Nyanza mwaka wa 1858 na kuliita Victoria kwa jina la malkia wake. Jina la mwenzake wa safari ya pili, James Augustus Grant, hutajwa kwa haraka tu, Speke na Grant, Speke na Grant, kama vile mtu anavyotaja kikombe na kisahani. Mhariri alipotutaka tuandike maisha ya watu mashuhuri waliofariki zamani, wenzangu waliwahi kuchagua wafalme na majemadari. Mimi nimekichagua kisahani, nami nina sababu. Huyu Grant ndiye aliyeondoka pwani kuja huku kwetu Unyamwezi akiwa na kamera, katika siku ambazo bara yetu yote haikuwa imepigwa picha. Yeye alifika Tabora. Kamera yake haikufika. Kwa ajili hiyo hatuna picha ya mji wetu wa mwaka 1861, nami nimetaka kujua ilikuwaje.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 huko Nairn, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma katika chuo cha Aberdeen, na huko aliyapenda masomo ya mimea na kemia. Nawaomba msisahau masomo hayo mawili, kwa maana yatamfaa baadaye kuliko upanga. Mwaka 1846 alikwenda Bara Hindi kuwa ofisa wa jeshi, na mwaka uliofuata akakutana huko na Speke, kijana wa umri wake. Wote wawili walikuwa wawindaji, wakawa marafiki. Grant alipigana katika vita vya Masingasinga, naye alikuwapo Gujrat mwaka 1849. Mwaka 1857 askari wa Kihindi walipoasi, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuuokoa mji wa Lucknow. Hapo alipigwa risasi, akaumia vibaya mkono wa kulia, na vidole vyake vikabaki na kilema. Mtu mwingine angetundika kalamu. Huyu alijizoeza upya, na michoro yote nitakayoitaja hapa ilichorwa na mkono huo ulioharibika.

Katika mwaka huo huo wa 1857, tarehe 7 Novemba, Wazungu wawili waliingia Kazeh, mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe, ambao ndio mwanzo wa Tabora yetu. Mmoja alikuwa Speke. Wa pili alikuwa Richard Burton, mtu aliyekuwa amekwenda Madina na Makka mwaka 1853 kwa kujifanya Mwislamu, akachora kwa siri aliyoyaona. Burton aliugua akabaki Kazeh akizungumza na Waarabu, maana Kiarabu alikijua sana. Speke alikwenda kaskazini peke yake akaliona ziwa. Kisha waligombana kwa ajili ya ziwa hilo, kama lilikuwa chanzo cha mto Nile au sivyo. Chama cha Jiografia cha London kikaamua kumrudisha Speke mwenyewe akahakikishe. Safari hii hakumtaka Burton. Alimchukua rafiki yake wa zamani, mtu mtaratibu asiyependa kubishana.

Waliondoka Portsmouth tarehe 27 Aprili 1860, wakapitia Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 17 Agosti wakashuka Unguja. Sultani wakati huo alikuwa Seyyid Majid bin Said. Walikaa kwa zaidi ya mwezi mmoja, wakingojea wapagazi, bunduki, shanga, vitambaa na nyaya za shaba, yaani fedha ya njiani. Ndipo Grant alipolifungua sanduku lake la picha.

Hapa inanipasa kueleza kamera ya siku zile, maana sisi tumezoea kuona mtu akiinua simu na kubonyeza kidole. (Sisi wa bweni haturuhusiwi simu, lakini tumeona kwa wageni siku za wazazi.) Miaka ile picha ilipigwa juu ya kioo. Mpiga picha alikata kioo, akakipangusa hata kisiwe na alama, akakimiminia dawa nzito iitwayo kolodioni, na kukiinamisha huku na huku ili dawa ienee sawasawa. Kisha alikichovya katika maji ya dawa ya fedha akiwa gizani. Kioo kikiwa bado kibichi alikitia ndani ya kamera, akafunua jicho la kamera kwa nukta kadhaa, akaharakisha kurudi gizani kukisafisha kabla hakijakauka. Kikikauka, kazi yote imepotea. Katika nchi ya baridi mtu alikuwa na dakika kumi au zaidi. Katika joto la pwani yetu zilikuwa chache kuliko hizo. Basi msafiri alilazimika kuchukua kamera yenyewe na mguu wake, na pia vioo, chupa za dawa, maji safi na hema dogo lisilopenya mwanga. Kamera ya Grant tena ilikuwa ya namna ya macho mawili: ilitoa picha mbili zinazofanana, na mtu akizitazama pamoja kwa chombo chake, aliona vitu vimesimama mbele yake kama vya kweli.

Picha alizopiga Unguja mwezi wa Agosti na Septemba 1860 ni katika picha za kwanza kabisa za mji ule zilizosalia mpaka leo, nazo zimehifadhiwa na Chama cha Jiografia huko London. Anayezitazama asiitafute Beit al-Ajaib, kwa sababu Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883. Wala asitafute kanisa kuu la Waingereza la Mkunazini, kwa sababu lilianza kujengwa mwaka 1873, soko la watumwa lilipofungwa. Soko hilo lilikuwapo siku za Grant, naye alikwenda huko na kamera yake.

Nimeifikiria picha ya soko lile kuliko nyingine zote. Wapo waliosimama pale wakingoja kuuzwa ambao walikuwa wametembea njia ile ile ya misafara ambayo Grant alikuwa karibu kuifuata, ila wao waliifuata kwa kuelekea pwani. Wengine huenda walitoka ng'ambo ya Tanganyika, wakalala Ujiji, wakapita hapa Kazeh, wakapanda Usagara na kushuka Bagamoyo. Picha inatuonyesha kwamba walikuwapo. Majina yao haikuyachukua. Grant alichukia biashara ile, na mwenyeji wake Unguja, Balozi Rigby, katika mwaka ule ule aliwaweka huru watumwa kwa maelfu waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Uingereza. Lakini kuchukia jambo na kumwuliza mtu jina lake ni vitu viwili. Mimi ninaposoma kwamba picha fulani ni ya watumwa wa Unguja, moyo wangu hauridhiki, kwa maana mtumwa halikuwa kabila la mtu wala jina alilopewa na mama yake.

Tarehe 25 Septemba walivuka kwenda Bagamoyo, na mwanzoni mwa Oktoba msafara ukaanza kwenda bara. Ulikuwa msafara mkubwa. Walikuwamo wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakirudi kwao, waungwana wa Unguja wenye bunduki, watumishi wa mashamba waliotolewa na Sultani, na askari kumi wa Kikhoikhoi kutoka Rasi. Nyumbu na punda walichukua sehemu ya mizigo. Mkuu wa msafara alikuwa Said bin Salim, na katika wasimamizi alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akafika Bara Hindi, akarudi akiwa mtu huru. Bombay aliijua njia kwa sababu aliipita na Burton na Speke.

Siku za mwanzo za safari hiyo Grant aliendelea kupiga picha. Kila walipotua, wenzake walipotafuta kivuli, yeye aliingia ndani ya kijihema kile cha giza pamoja na moshi wa dawa zake. Mtu aliyewahi kulala katika hema la nguo saa nane mchana mwezi wa Oktoba atanielewa bila maelezo. Grant alikuwa amekwisha kupata homa, ile homa ya vipindi ambayo ilimshika karibu safari yote. Askari watatu wa Kikhoikhoi walipokuwa wagonjwa sana, Speke aliamua kuwarudisha pwani, na pamoja nao akarudisha ngozi na mifupa ya wanyama waliokwisha kukusanywa. Na kamera ikarudi pamoja nao. Speke aliona kwamba akimwacha mwenzake aendelee kutayarisha na kusafisha vioo vyake ndani ya joto lile, muda si mrefu atamzika njiani.

Hivyo ndivyo sanduku lilivyogeuza njia. Nadhani kama ningekuwa Speke ningefanya vile vile. Hata hivyo nina jambo la kuongeza. Mwaka uliofuata, 1861, ofisa mmoja wa jeshi la Misri, mhandisi aitwaye Muhammad Sadiq, alikwenda Hijazi kupima njia, naye alikuwa na kamera ya vioo. Alifika Madina akaupiga picha mji na Msikiti wa Mtume, na hizo ndizo picha za kwanza za Madina zinazojulikana. Baadaye, mwaka 1880 na 1881, aliupiga picha mji wa Makka na mahujaji wakiizunguka Kaaba. Hijazi si nchi ya baridi. Kwa hiyo joto peke yake halielezi jambo lote. Sadiq alikuwa Mwislamu akisafiri katika nchi ya Waislamu kwa kazi ya serikali yake, na safari yake ilikuwa ya miezi tu. Grant alikuwa mgeni mwenye homa katika mwanzo wa safari ya miaka miwili na nusu, na kila chupa yake ilikuwa juu ya kichwa au bega la mtu. Ndiyo maana katika mwaka mmoja Madina ilipata picha yake na Kazeh ikakosa.

Safari yenyewe ilikuwa ngumu. Ugogo walidaiwa hongo na kila mtawala, nayo mvua na njaa vilikuwa vimetangulia. Katika pori la Mgunda Mkali, lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi, wapagazi walitoroka usiku kwa usiku, na siwalaumu, kwani chakula hakikuwapo. Walipofika Kazeh mwishoni mwa Januari 1861, hesabu ya Speke ilikuwa hivi: wapagazi 98 wametoroka, watumishi wa Sultani 25 wametoroka, nyumbu 12 na punda 3 wamekufa, na zaidi ya nusu ya mali imeibwa. Fikirini sanduku la vioo lingekuwa katika hali gani.

Sasa nifike mjini kwetu. Kazeh waliyoiona haikuwa mji wa barabara. Ilikuwa ni matembe makubwa yaliyotengana, kila moja na bustani yake, nyumba za udongo zenye paa la bapa na ua katikati, na nje hazikuwa na madirisha ya kutazamia. Mgeni akitaka kuona mfano wa nyumba hizo leo aende Kwihara, si mbali na mji, alipokaa Livingstone pamoja na Stanley mwaka 1872. Sisi wanafunzi tumekwenda huko kwa miguu, na ukiingia katika ua ule unafahamu mara moja kwa nini kijihema cha kitambaa kilikuwa adhabu: ndani ya kuta nene za udongo kuna baridi nzuri. Mara nyingi nimewaza kwamba kama kamera ingevumilia mpaka Kazeh, Grant angepata chumba chenye giza na ubaridi cha kufanyia kazi yake.

Mwenyeji wao alikuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Unyamwezi kwa miaka mingi. Lakini wakati haukuwa wa amani. Mtemi Fundikira alikuwa amefariki mwaka 1858, na mrithi wake, Mnywa Sele, aliwataka Waarabu walipe kodi ya bidhaa zinazoingia nchini mwake. Waarabu walikataa, wakamtoa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaingia porini na watu wake akawa anaikata njia ya misafara. Speke alijaribu kuwapatanisha bila kufaulu. Katika vita hivyo aliuawa Snay bin Amir, yule Mwarabu aliyempokea Burton kwa ukarimu mwaka 1857, na Musa naye akafariki kwa ugonjwa katika mwaka huo huo wa 1861. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865. Nayataja haya kwa sababu vitabu vya safari huyaandika kama usumbufu uliowachelewesha Wazungu kupata wapagazi. Kwa watu wa Unyanyembe lilikuwa swali la nani mwenye nchi.

Grant katika siku hizo alikuwa na homa, lakini hakukaa bure. Mahali pa kamera alishika penseli, rangi za maji na daftari. Alichora watu, nyumba, vyombo na mimea, tena aliandika alivyoona wakulima wakifanya, jinsi majina ya mimea yanavyotamkwa na kazi ya kila mmoja, huu wa dawa, huu wa kamba, huu wa kula wakati wa njaa. Naamini hapa kushindwa kwake kulitufaa kidogo. Kamera ya siku zile ilimtaka mtu asimame bila kupepesa, kama maiti. Penseli ilimruhusu Grant kukaa chini ya mti na kungoja, na anayengoja huongea na watu.

Walitoka Kazeh mwezi wa Machi 1861. Kwa kuwa wapagazi hawakutosha, Speke alirudi mara kwa mara kutafuta wengine, na Grant akaachwa nyuma kulinda mizigo: kwanza Mininga, kwa mfanyabiashara wa pembe aitwaye Sirboko, kisha Nunda, kwa mtawala aliyeitwa Ukulima. Kwa Sirboko walimkuta mtu aliyefungwa minyororo, naye akawasihi wamkomboe. Akakombolewa, akaandikwa katika orodha ya watu huru wa msafara kwa jina la Farhan, yaani mwenye furaha. Huyu basi tunalo jina lake, ingawa ni la kupewa. Huko Nunda Grant alikaa katikati ya Wanyamwezi kwa miezi bila Mzungu mwenzake, na katika kitabu cha Speke imo picha ya kuchorwa inayomwonyesha Grant akicheza ngoma na Ukulima. Wanafunzi wenzangu walioiona hucheka sana. Kwangu mimi ni picha nzuri kuliko za vita zote zilizomo.

Mwezi wa Septemba 1861, akiwa njiani kwenda kaskazini kumfuata Speke, alishambuliwa na watu wa mtawala Myonga, wapagazi wakatupa mizigo wakakimbia, na sehemu kubwa ya mali ikachukuliwa. Alifika Karagwe mwezi wa Novemba, wakapokewa vema na Mfalme Rumanyika. Hapo mguu wa Grant ulifanya kidonda kibaya, ukavimba hata hawezi kusimama. Speke akaenda Buganda peke yake mwezi wa Januari 1862. Grant alilala Karagwe mpaka Aprili, akitibiwa kwa dawa za wenyeji na kutembelewa na Rumanyika na wanawe, kisha akaondoka akiwa amechukuliwa juu ya machela. Walikutana tena kwa Kabaka Mutesa, lakini mwezi wa Julai Speke alimtuma Grant aende Bunyoro na mizigo, akageuka yeye peke yake kwenda kuuona Nile ukitoka ziwani. Aliuona tarehe 28 Julai 1862. Grant hakuwapo. Watu wengi wamemwonea huruma kwa jambo hilo, na wengine wamesema Speke alimdhulumu ili asishiriki sifa. Grant mwenyewe hakulalamika hadharani, akasema mguu wake usingeweza mwendo wa haraka. Tarehe 15 Februari 1863 walifika Gondokoro, wakashuka na Nile mpaka Misri.

Huko Cairo kamera ilirudi katika habari hii, ila safari hii haikuwa mkononi mwa Grant. Kati ya watu waliotoka nao Unguja walikuwa wamesalia 18 waliokwenda nao mpaka mwisho, Bombay akiwa mkubwa wao. Speke aliwapa jina la Waaminifu. Walipelekwa kwa mpiga picha mjini Cairo wakapigwa picha, na picha hiyo ikachorwa upya kwa ajili ya kitabu. Mtu aliyevuka Afrika kwa miguu akibeba bunduki na mzigo, aliyelala na njaa Mgunda Mkali, hatimaye alikaa mbele ya kamera akaambiwa asitikisike. Kisha wakalipwa mshahara wa miaka mitatu na kurudishwa kwao kwa merikebu kupitia Bahari ya Sham na Aden, hata wakafika Mauritius kabla ya Unguja. Bombay alipewa nishani ya fedha na Chama cha Jiografia. Baadaye alikuja tena Tabora na Stanley mwaka 1871, tena na Cameron mwaka 1873, akafariki mwaka 1885. Yeye naye anastahili ukurasa katika gazeti hili, na ninamwachia mwenzangu wa kidato cha tatu.

Nimesema picha ilichorwa upya kwa ajili ya kitabu. Jambo hili wengi hatulijui. Miaka ile mitambo haikuweza kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi katika ukurasa mmoja. Fundi alitazama picha au mchoro wa msafiri, akauchora upya kwenye ubao mgumu, mwingine akauchonga, ndipo ukatiwa wino. Kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863 kina picha nyingi ambazo asili yake ni michoro ya Grant, lakini kabla ya kumfikia msomaji zilipita mikononi mwa wachoraji wa London. Mikononi mwao misuli ya watu ilikuwa mikubwa zaidi, na milima ikawa mirefu. Kwa hiyo hata kama Grant angeleta picha mia za Kazeh, Waingereza wangeiona kwanza kwa mkono wa mchongaji. Tofauti ni kwamba picha zenyewe zingebaki, kama za Unguja zilivyobaki.

Grant aliandika kitabu chake mwenyewe mwaka 1864, kiitwacho A Walk Across Africa. Kimejaa habari za mashamba na vyakula na nyimbo kuliko habari za mabishano. Mwaka huo huo alipewa nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia, na mwaka huo huo, tarehe 15 Septemba, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda, siku moja kabla ya kukutana na Burton katika mjadala juu ya Nile. Grant alimlilia sana, akamtetea mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1865 alioa. Mwaka 1868 alikwenda Uhabeshi na jeshi la Waingereza lililopigana na Mfalme Tewodros. Hilo nalo ni la kukumbuka: macho yale mazuri ya kuchora yalitumika pia kulipelelezea jeshi. Swala mmoja mkubwa wa nchi zetu alipewa jina lake, nasi tunamwita swala granti. Alifariki kwao Nairn tarehe 11 Februari 1892, akiwa na miaka 64, na katika kanisa la Mtakatifu Paulo huko London limewekwa bamba la ukumbusho wake.

Mimea aliyoikausha katika makaratasi njia nzima, kuanzia Usagara, Unyamwezi, Karagwe mpaka Nile, aliipeleka katika bustani ya Kew, na wataalamu wakaiandikia kitabu kikubwa kilichotoka kati ya mwaka 1872 na 1875, yeye akitia maelezo yake ya matumizi na mahali alipoichuma. Majani hayo yamehifadhiwa vema. Michoro yake ya rangi iko katika Maktaba ya Taifa ya Scotland huko Edinburgh, na picha za Unguja ziko London.

Hapa shuleni tunayo ramani ya njia ya misafara ukutani, iliyochorwa na wanafunzi waliotutangulia. Ningependa Chumba cha Historia kiandike barua Edinburgh, kwa mkono wa Mwalimu Mkuu, kuomba nakala za michoro ile iliyochorwa Unyamwezi mwaka 1861, ili zitundikwe kando ya ramani hiyo. Barua nimekwisha kuitayarisha nikampa Mwalimu wa Historia aisahihishe Kiingereza. Sisi wa kidato cha nne pengine tutakuwa tumeondoka jibu likifika, kwa hiyo nawaomba wa kidato cha pili na cha tatu wasiache kuuliza ofisini.